Kuunga bampa, kava na plastiki za mashine zilizopasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye gari, mwendesha bodaboda, mtunza bustani na fundi anayeanza. Kazi nyingi za plastiki huharibikia sehemu moja: mtu anakimbilia gundi au moto kabla hajajua plastiki aliyoishika mkononi ni ipi. Kwa hiyo tutalirudia jambo hilo mara nyingi, na ni kwa makusudi.

Je, plastiki iliyopasuka inaungika kweli?

Inaungika, tena vizuri, mradi iwe ya jamii inayoyeyuka. Bampa la gari, madigadi, kava za pikipiki, chombo cha maji ya wesheri, boneti ya mashine ya kukata majani: karibu vyote hivi vimetengenezwa kwa plastiki ambayo ukiipasha moto inalainika, na ikipoa inarudi kuwa ngumu. Ufa ukiyeyushwa kwa kina na kujazwa plastiki ya aina ileile, pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Hicho si kiraka kilichobandikwa juu.

Zipo zisizoyeyuka. Fiberglasi ni mojawapo, na utaikuta kwenye mapambo ya kuongezwa ya magari na kwenye makasha ya nyuma ya pikapu. Bampa za kale zenye alama ya PUR, yaani poliuretani, nazo zina tabia hiyo. Ukizigusa na chuma cha moto zinakuwa nyeusi au zinatoa moshi tu, hazilainiki. Fiberglasi huungwa kwa resini na kitambaa cha nyuzi za kioo, na PUR kwa gundi ya sehemu mbili inayokubali kupinda.

Ipo pia plastiki iliyokufa kwa jua. Ikishatoa unga mweupe ukiipangusa kwa kidole, na ukiipinda kidogo inaleta nyufa ndogondogo kila mahali, imechoka hadi ndani. Unaweza kuunga ufa mmoja, lakini wa pili utafunguka sentimita chache pembeni yake.

Nitajuaje ni plastiki ya aina gani?

Geuza kipande, angalia upande wa ndani. Watengenezaji wengi huweka alama ya herufi kati ya mishale miwili, mfano >PP< au >ABS<. Futa tope na vumbi kwanza, kwa sababu herufi zenyewe ni ndogo na mara nyingi zimejificha karibu na ukingo au tundu la skrubu.

Zile utakazokutana nazo sana ni hizi. PP, yaani polipropilini, ndiyo bampa za magari mengi, na mara nyingi imeandikwa PP+EPDM kwa sababu imechanganywa na mpira ili isivunjike kirahisi. ABS ni shoo (ile grili ya mbele ya gari), kasha la saitimira na kava nyingi za pikipiki zenye rangi ya kung'aa. PE au PE-HD ni matangi na madumu. PA ni nailoni, ile ya kasha la feni na la kamba ya kuwashia kwenye mashine za bustani, na pia vichwa vya rejeta. PC ni kioo cha mbele cha taa kubwa.

Kama hakuna alama, kwangua kipande kidogo kutoka sehemu isiyoonekana, usafishe, kisha ukitumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni. PE na PP tupu zinaelea. ABS, nailoni na PC zinazama. Hapa kuna mtego ambao huwapoteza hata mafundi wazoefu: PP iliyojazwa unga wa madini inaweza kuzama pia, kwa hiyo kuzama peke yake hakutoshi kusema si PP.

Endelea na jaribio la pili. Weka tone la asetoni sehemu ya ndani isiyoonekana, subiri kidogo, kisha bonyeza kwa kitu chenye ncha. ABS itakuwa laini na ya kunata. PP na PE hazitashtuka hata kidogo. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inaweza kutumika, lakini soma chupa kwanza, maana nyingi siku hizi hazina asetoni.

La tatu ni moto. Shika kipande kidogo kwa plaizi, nje, penye upepo, ukiwasha. PP na PE zinawaka kwa mwali wa buluu wenye ncha ya njano, zinadondoka matone, na harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa. ABS inatoa moshi mweusi mzito wenye masizi yanayoruka. Nailoni inanuka nywele zilizoungua. Usiinamie moshi kuunusa, subiri harufu ikufikie yenyewe. Ukisikia harufu kali ya tindikali inayokaba koo, zima na uache, hiyo huenda ni PVC.

Kwenye bampa la Toyota yangu nimeona TSOP, na kwenye nyingine PP+EPDM-T20. Ndiyo nini?

TSOP ni jina la Toyota wenyewe kwa plastiki yao ya jamii ya polipropilini. Iunge kama PP iliyochanganywa na mpira. T20 maana yake ndani kuna asilimia 20 ya unga wa talki, ambao huongeza ugumu. GF30 ni asilimia 30 ya nyuzi za kioo, na utaiona sana baada ya PA.

Namba hizi zina uzito katika kazi. Plastiki yenye unga au nyuzi nyingi inayeyuka ikiwa nzito, haitiririki kwa urahisi, na inahitaji mkono wa taratibu.

Kwa nini supaglu haishiki bampa langu? Kila siku nabandika, kila siku linaachia.

Kwa sababu PP ina uso unaofanana na nta. Gundi inakaa juu yake bila kupenya wala kung'ang'ania. Mwagia maji kidogo bampa lililosafishwa na kukwanguliwa rangi, utayaona yanajikusanya na kuwa matone. Gundi nayo inafanyiwa hivyohivyo. Gundi nzuri za sehemu mbili nazo huachia kwenye PP kama hakukupakwa kwanza praima, yaani dawa ya kushikisha, iliyo maalumu kwa plastiki za jamii hiyo.

Mchanganyiko wa supaglu na magadi soda unapendwa sana vijiweni, na una mahali pake. Unaganda papo hapo na kuwa mgumu sana. Kwenye ABS, kwa sikio dogo la kava ambalo halipindi, unasaidia. Kwenye bampa, ambalo hupinda kila gari linapopita tuta, ugumu huo ndio adui: bampa linapinda, gundi haipindi, panaachia. Ukiutumia, geuza uso pembeni, kwa maana unapata moto ghafla na mvuke wake unachoma macho.

Mafundi wengi wanashona kwa waya au kebo tai. Je, inafaa?

Ni msaada wa njiani, wa kukufikisha nyumbani bampa lisiburuzwe barabarani. Kwa kazi ya kudumu haifai. Kila tundu unalotoboa pembeni ya ufa ni mahali papya pa ufa mwingine kuanzia, na waya unapotikisika unakata plastiki taratibu. Yapo mabampa yanayofika gereji yakiwa na ufa mmoja wa ajali na nyufa nne za ushonaji.

Kuna wanaoyeyusha kebo tai kama plastiki ya kujazia. Hili nalisema kwa msisitizo: kebo tai za kawaida ni nailoni. Nailoni na PP haziungani. Zitayeyuka pamoja, zitaonekana zimeshikana, rangi itapakwa juu, na baada ya wiki chache kipande chote kinabanduka kikiwa kizima kama kilivyowekwa. Kebo tai inafaa kujazia nailoni mwenzake tu.

Basi plastiki ya kujazia niitoe wapi?

Nzuri kuliko zote ni ya kipande chenyewe. Bampa lina kingo za ndani na vipande vya ziada visivyoonekana. Kata ukanda mwembamba wa upana wa milimita 4 au 5 hapo, kwa uangalifu usiguse sehemu inayobeba klipu. Ya pili ni bampa bovu lenye alama ileile. Maduka ya spea za mtumba, Gerezani na Ilala kwa Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi, huwa na vipande vilivyovunjika kiasi cha kutouzika, na ukiomba kwa adabu hutakosa. Vijiti vilivyotengenezwa maalumu vipo pia, hakikisha tu vimeandikwa aina.

Kiti cha plastiki kilichovunjika mguu ni chanzo kingine cha PP, angalia alama chini ya kikalio. Hakina mpira ndani yake, kwa hiyo kinafaa zaidi madigadi ya ndani na makava magumu kuliko bampa. Dumu la njano la mafuta ya kula ni PE-HD. Linafaa kuunga tangi la PE, halifai bampa. Chupa za soda na maji ni PET, ziache kabisa. Kasha la betri ya gari ni PP, lakini limelowa tindikali na risasi, usilipashe moto kamwe.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio ambalo halidanganyi: yeyushia ncha ya kijiti chako kwenye upande wa nyuma wa bampa, kiache kipoe kabisa, kisha kivute kwa plaizi. Kikitoka kwa nguvu na kuondoka na nyama ya bampa, hao ni ndugu. Kikibanduka kikaacha alama laini inayong'aa, tafuta kijiti kingine.

Nianzie wapi kabla ya kuwasha moto?

Anza na ndoo. Osha kwa maji na sabuni, pande zote mbili, kabla ya msasa wowote. Ukisugua kwanza unaingiza grisi na ile dawa ya kung'arishia tairi na dashibodi ndani ya mikwaruzo, na hapo hata PP kwa PP itagoma. Ikauke, kisha pangusa kwa spiriti. Epuka petroli na thina kwenye ABS na PC. Zinaweza kuamsha nyufa mpya mahali palipo na mvutano, wakati mwingine mbele ya macho yako.

Baada ya hapo, tafuta mwisho wa kweli wa ufa. Pinda kipande taratibu uone mstari unapofika. Huwa unakwenda mbele zaidi ya unavyoonekana, na rangi ndiyo inayouficha. Toboa tundu la milimita 3 hapo mwishoni kabisa. Tundu la mviringo linasambaza mvutano, ufa hauendelei. Watu huliruka jambo hili kwa kuwa linaonekana kama kuongeza uharibifu, na hao ndio wanaorudi na ufa mrefu zaidi.

Kwangua rangi sentimita mbili kila upande. Panga kingo zilingane, uzishike kwa mbele na tepu ya alumini. Tepu ya karatasi haipendi joto. Kwa nyuma, chonga mfereji wenye umbo la V kufuata ufa, kina chake kipite kidogo nusu ya unene. Bampa nyingi zina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo si mfereji mkubwa. Ukimaliza kuujaza nyuma, unageuza na kuchonga wa mbele hadi ukutane na plastiki mpya.

Chuma cha risasi au hewa ya moto, kipi bora?

Kwa anayeanza, chuma cha umeme cha kuyeyushia risasi, kile cha mafundi redio, kikiwa na ncha bapa na uwezo wa kurekebisha joto. Unaona unachofanya, bila kuharibu eneo kubwa. Kipuliza hewa ya moto chenye mdomo mwembamba kinatoa kiungo kizuri zaidi kwenye ufa mrefu, lakini kinahitaji mkono uliozoea, maana dakika moja ya kuzubaa inakunja bampa lote. Kwa hewa, PP hufanyiwa kazi karibu na nyuzi joto 300 za Selsiasi kwenye mdomo wa mashine, na ABS karibu na 350. PP yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, kwa hiyo usiogope kupunguza.

Kwanza shika ufa kwa kuyeyusha nukta ndogondogo kila sentimita tatu, bila kijiti, ili usihame. Ndipo uanze kujaza. Macho yako yawe kwenye mahali kijiti kinapogusana na mfereji. Uso wa bampa ubadilike kutoka ufifi na kuanza kung'aa kwa unyevunyevu, na kijiti nacho king'ae wakati huohuo. Ukisukuma, kijiti kinazama na pembeni yake, kulia na kushoto, kunainuka kingo mbili nyembamba za plastiki laini. Kingo hizo ndizo ushahidi. Kijiti kikilala chini bila kuziinua, na bampa limebaki fifi, umebandika tu. Ukiona moshi au rangi ya kahawia, umechoma. Kwangua sehemu hiyo uitoe, kwa sababu plastiki iliyoungua haina nguvu.

Acha ipoe yenyewe. Usimwagie maji ili uharakishe, utaiacha na mvutano ndani.

Wavu wa chuma na pini za kuyeyushia zinahitajika?

Kwa ufa mfupi usiobeba mzigo, hapana. Kwa kona ya bampa, kwa sehemu inayoshika klipu, na kwa ufa unaofika hadi ukingoni, ndiyo. Kata wavu wa chuma kisichoshika kutu, uweke upande wa nyuma tu, uubonyeze kwa chuma cha moto mpaka uzame, halafu ufunike kwa plastiki ya aina ileile. Wavu unaobaki unaonekana bado haujafanya kazi yake.

Pini za moto, yaani pini za chuma zinazopashwa moto na kuzamishwa kuvuka ufa, ni za haraka na zinavuta kingo vizuri, lakini nazo zinatakiwa zizame na kufunikwa. Pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara na visiwani, chumvi ya hewani haisamehe: pini ya chuma cha kawaida itatoa kutu, na kutu itajitokeza mbele ya rangi.

Kava ya pikipiki yangu ni ABS. Naweza kuunga bila moto?

Unaweza, na kwa ABS njia hii naipenda. Katakata vipande vidogo vya ABS ileile, viweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mimina asetoni ivifunike, iache saa kadhaa ukikoroga mara mojamoja mpaka iwe kama uji mzito. Chonga mfereji wa V, lowesha kingo kwa asetoni tupu, kisha paka uji huo kwa tabaka jembamba. Subiri likauke ndipo upake lingine, kwa kuwa linanywea likikauka. Nyuma weka kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya uji kwa ajili ya nguvu. Usiifunge kava kwenye pikipiki mpaka ipite siku nzima, mbili zikiwezekana. Ikiwa bado inanuka asetoni, bado ni laini ndani.

Asetoni inawaka haraka sana. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu, hakuna chuma cha moto kwenye meza ileile.

Lakini hakikisha ni ABS kweli. Pikipiki na plastiki wamejuana zamani, Honda Super Cub ya 1958 ilitoka na kinga ya miguu ya polietilini, na hadi leo madigadi na kinga nyingi za chini ni PP au PE kwa kuwa zinavumilia kupindwa. Pikipiki moja inaweza kuwa na kava za ABS na madigadi ya PP. Uji wa asetoni ukiupaka kwenye hayo madigadi utabanduka kama ngozi kavu.

Sikio la skrubu limekatika na kipande kimepotea. Nifanyeje?

Lijenge upya. Kata kipande cha plastiki ya aina ileile kwa umbo la sikio, kiyeyushe kwenye shina, kisha uzamishe wavu ulioukunja kwa umbo la L ili mguu mmoja uwe kwenye sikio na mwingine kwenye mwili wa kava. Kona ya shina uijaze iwe ya mviringo. Kona kali ndiyo iliyolikata lile la kwanza.

Tundu la skrubu toboa mwishoni, ukiwa umeijaribisha kava mahali pake, na uliache likiwa pana kidogo kuliko skrubu. Weka washa pana, na ya mpira chini yake kama nafasi ipo. Kaza mpaka ishike, usikaze mpaka ilie.

Na mashine za bustani? Kasha la mashine yangu ya kufyekea limepasuka pale pa kamba ya kuwashia.

Kwanza toa kofia ya plagi. Kabla ya kugusa chochote kwenye mashine yenye kisu, hiyo ndiyo hatua ya kwanza, kila mara.

Makasha hayo mengi yameandikwa PA6-GF30 au kitu cha jamii hiyo. Nailoni ina mambo mawili yake. Inanyonya unyevu wa hewani, na ukiiyeyusha ikiwa na unyevu inachemka na kujaa vipovu ndani; ikaushe kwa joto dogo kwa saa kadhaa kabla ya kazi. Pili, nguvu yake nyingi inatoka kwenye nyuzi za kioo, na nyuzi hizo hazivuki kiungo chako. Utaunga vizuri sana na bado kiungo hakitafikia nguvu ya awali. Kwa hiyo kasha la feni lenye ufa, unga na uweke wavu. Sehemu inayobeba injini, mpini au mhimili wa kamba ya kuwashia, badilisha.

Boneti za mashine kubwa za kukata majani ambazo dereva hukaa juu yake, zile za viwanja vya gofu na bustani za hoteli, hupasuka kwa sababu mbili: mtikisiko na joto la ekzosi. Ukikuta plastiki imegeuka rangi au imejikunja karibu na ufa, kagua kama bati la kukinga joto bado lipo. Kuhusu mtikisiko, angalia kisu. Kisu kilichopiga jiwe kikapinda, au kilichonolewa upande mmoja zaidi ya mwingine, kinatikisa mashine nzima, na plastiki ndiyo ya kwanza kulalamika. Ukiunga kava ukaacha kisu hicho, umeahirisha tu.

Tangi la mafuta linavuja. Naweza kuliyeyusha?

Hapana. Tangi likimwagwa mafuta yote bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kusuuza kwa maji na sabuni hakukupi uhakika, maana plastiki yenyewe imenyonya petroli. Nunua lingine.

Tangi la bomba la kupulizia dawa ni PE-HD na kwa ufundi linaungika, ila sishauri kulipasha moto tangi lililobeba sumu ya wadudu au ya magugu. Mabaki yanageuka moshi na moshi unaingia kwako. Tangi la maji safi, dumu na chombo cha wesheri, hayo unga bila wasiwasi, kisha jaza maji uyaache usiku kucha uone.

Ni vitu gani nisiunge kabisa?

Kofia ya pikipiki ndiyo ya kwanza. Kofia iliyopasuka, au iliyopiga lami hata kama haina ufa, imekwisha. Ganda na povu lililo ndani vimetengenezwa kupokea pigo moja. Kuna vijana wanavaa kofia zilizopakwa gundi na kupigwa rangi upya, na abiria anapewa hiyohiyo. Tafadhali, usiunge, usiuze, usimpe mtu. Ikate vipande ndipo uitupe.

Kinga ya kisu kwenye mashine ya kufyekea na mlango wa kutolea majani kwenye mashine ya kukata: jiwe linalorushwa na kisu halingoji kiungo chako kijaribiwe. Badilisha. Kifuniko cha dashibodi na cha usukani kinachoficha mfuko wa hewa: kimechongwa kipasuke kwa mstari maalumu, ukikiimarisha unaharibu kazi yake. Kichwa cha plastiki cha rejeta na chupa ya maji yenye mgandamizo: hapo kuna maji ya nyuzi joto karibu 100 yakisukuma, kiungo kikiachia injini inakufa barabarani na anayefungua boneti anaungua.

Pati gani, na rangi vipi?

Pati ya bati, ile ya kusawazishia mabati ya gari kabla ya rangi, ni ngumu mno kwa bampa. Inapasuka, na unapoosha gari kwa maji ya kasi inatoka vipande vizima. Tafuta pati ya plastiki inayopinda, na ipake nyembamba. Kama kiungo kimekaa sawa, pati ni ya kufuta alama za chombo tu. Anza na msasa namba 180, uende 320, umalizie 600.

Kwenye PP iliyo wazi paka praima ya plastiki kwanza, kabla ya praima ya kawaida. Fundi rangi akikuambia haina haja, mwonyeshe magari yanayopita barabarani yenye bampa zilizoachia rangi kwa magamba. ABS haina makuu, msasa mwepesi unatosha, ila rangi yenye thina kali usiimwage nzito mara moja.

Bampa jeusi lisilo na rangi, lenye vipele vya kiwandani, halifichiki. Vipele havirudi. Hilo unga kwa nyuma tu, uache mstari mwembamba mbele, au ukubali kulipaka rangi lote.

Nimeunga vizuri lakini panapasuka palepale.

Kilichopasua mwanzo bado kipo. Hesabu klipu: bampa lililotengenezwa kushikwa na klipu kumi, likibaki na nne, mzigo wote uko kwenye hizo nne. Klipu ni kitu cha bei ndogo sana na ndicho kinachosahaulika zaidi. Angalia chuma cha ndani kinachobeba bampa, kama kimepinda kinalivuta muda wote hata gari likiwa limesimama. Angalia kinga ya chini ya injini, ikilegea inashika upepo na kuvuta ukingo wa bampa. Kwenye bodaboda, angalia kama mzigo au goti la abiria linaegemea kava.

Jaribio ni rahisi: fungua skrubu zote za sehemu hiyo. Kipande kikiruka na kuhama tundu zake, kilikuwa kimelazimishwa.

Moshi wake una madhara?

Una madhara. Moshi wa ABS una stirini inayouma kichwa na macho, PVC inatoa gesi ya tindikali, na PUR inaweza kuleta pumu isiyopona. Fanyia kazi nje au mlango ukiwa wazi, simama upepo unakotoka, na joto liwe dogo kadiri inavyowezekana, maana plastiki iliyoyeyushwa bila kuunguzwa hutoa moshi kidogo sana. Barakoa ya vumbi inazuia vumbi la msasa. Haizuii gesi. Watoto na wanaojifunza kazi wasiachiwe kuinamia chuma cha moto siku nzima.

Nimepeleka kwa fundi. Nikague nini?

Omba kuona kazi kabla ya rangi, na fundi mzuri hatakataa. Mwulize: "Fundi, hii ni plastiki gani, na umejazia nini?" Akijibu PP kwa PP bila kusita, umefika mahali pazuri. Geuza upande wa nyuma: mfereji uwe umejaa mfululizo, bila mashimo, bila sehemu zilizoungua, wavu usionekane. Tafuta tundu la mwisho wa ufa, utaliona limezibwa. Kisha shika pande mbili za kiungo na upinde taratibu kiasi ambacho bampa lingepinda lenyewe kwenye tuta. Sehemu yote ipinde kwa pamoja. Ikikunjika kwenye mstari mmoja, au ukisikia mlio, irudi mezani kabla bunduki ya rangi haijawashwa.